Mgeni amemaliza kuvolontia, sasa ataka pwani yote

Kaskazi imeshaanza kuvuma, shule zinafunga, na simu yangu imejaa wageni. Barua karibu zote za mwezi huu ni za kuvolontia, wengine wameletewa mavolontia nyumbani, wengine wao wenyewe ndo wataka kutoka. Nimechagua tatu. Zile za kuniuliza hoteli gani nzuri Diani nimeziacha, hizo muulizeni mwenye pesa.

Salaam aleikum mjomba. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Kibokoni. Huu mwezi wa tatu nakaa na msichana wa Kijerumani, miaka 19, kaletwa na kampuni ya mavolontia kufundisha shule moja ya msingi kule Kisauni. Mtoto ana adabu, mahamri na mbaazi anakula, leso anajifunga vizuri kushinda binti zangu. Ijumaa ijayo yuwamaliza. Sasa kampuni yamwambia aongeze wiki mbili kwa kituo cha mayatima akilipa tena, na yeye akitoka hapo ataka kuzunguka pwani yote, Lamu mpaka Shimoni, ana siku 12 na elfu 60. Kijana wa jirani ana gari, asema elfu 45 atamzungusha kote. Nauliza: hicho kituo aende? Hiyo pwani ataimaliza? Na mimi mbona napewa 500 kwa siku, chakula juu yangu, na mtoto kaniambia alilipa zaidi ya yuro elfu mbili? – Mama wa Kibokoni

Waaleikum salaam dadangu. Naanza na lile la mwisho, manake naona ndo limekukaa rohoni ukaliweka nyuma kwa haya.

Hebu tupige hesabu. Mia tano mara siku 90 ni elfu 45. Yaani miezi mitatu ya chai, chakula cha mchana na usiku, maji ya kuoga, chumba, feni inayozunguka usiku kucha, na wewe kumngojea mlangoni magharibi ikiingia hajarudi, kote huko umelipwa sawasawa na kile ambacho kijana wa jirani ataka kwa siku 12 za kushika usukani. Na mtoto katoa zaidi ya yuro 2,000, ambazo hata ukiifanya yuro moja shilingi 150 hivi ni laki tatu.

Sisemi zote zimeliwa. Kuna bima, kuna mtu wa kumpokea akishuka ndege, na kuna ile ofisi ya kule kwao na mishahara yake na matangazo yake, ambayo mara nyingi ndo hubaki na donge kubwa kabla hata shilingi haijafika Mombasa. Lakini kampuni inayofanya kazi yake sawa haiogopi kuonyesha mgao: shule yapata ngapi, familia ngapi, wao ngapi. Ukiuliza wewe watakuzungusha, manake wewe kwao ni chumba tu. Akiuliza msichana watajibu, yeye ndo aliyelipa. Basi mwambie, si kwa kumlaumu, mkiwa mmekaa barazani mwachambua mchicha, aandike barua pepe aulize. Wengi wa hawa watoto huwa hawajui kabisa, wakijua huona haya kuliko wewe. Na volontia mwingine usimpokee mpaka mpatane upya na iwe kwa maandishi, hata meseji ya WhatsApp ni maandishi.

Kituo cha mayatima asiende. Najua kuna watu watanikasirikia, wana vituo na wana nia nzuri, lakini hebu nisikizeni. Serikali yetu ilisimamisha kusajili vituo vipya vya watoto Novemba 2017. Ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, na mwaka huo huo ukazinduliwa mpango wa miaka kumi wa kuwatoa watoto vituoni warudi kwa familia, iwe ya mama, shangazi, nyanya au familia ya kulea. Sababu yenyewe ni kwamba wengi wa hao tunaowaita mayatima wana mzazi hai au jamaa, walipelekwa pale kwa umaskini, na kituo kinachoishi kwa pesa za wageni kinahitaji watoto wasiishe. Halafu fikiria yule mtoto wa miaka mitatu. Kila wiki mbili dada mpya anamshika, anampenda, anampiga picha, anaondoka analia, na Jumatatu anakuja mwingine. Wewe ungekubali mwanao alelewe hivo? Kama msichana ana wiki mbili na nguvu zimebaki, arudi ile ile shule aliyokuwa, walimu wanamjua, watoto wanajua atoka siku gani, akamalizie kazi aliyoianza.

Tena ngoja, kuna mambo ya karatasi umenipitishia. Aliingia na nini? Kibali cha kuingia cha mtandaoni kilichoanza Januari 2024 ni cha kutembea, na mtalii hukaa mpaka siku 90. Umesema huu ni mwezi wa tatu. Ukiongeza siku 12 za pwani, na wiki mbili za shule akizikubali, hizo 90 zimeshapita, kwa hivo kesho asubuhi, sio Ijumaa, aende Uhamiaji aombe kuongezewa kabla hazijaisha. Na kazi hata isiyo na mshahara yataka kibali chake, kuna pasi maalum ya muda mfupi na kuna kile kibali cha daraja la herufi I cha kazi za dini na hisani. Hiyo ilikuwa ni kazi ya kampuni kushughulikia. Aulize kwenye ile ile barua pepe, maana akikamatwa ni yeye ataketi benchi, wao watakuwa kwao.

Haya, pwani.

Pwani yote kwa siku 12 haimalizi, mimi nimezaliwa hapa na sijaimaliza. Na hilo gari alikatae. Elfu 60 ukitoa 45 zabaki 15, gawa kwa siku 12 ni 1,250 kwa siku ya kulala, kula na viingilio. Akipanda matatu kama sisi ana elfu 5 kwa siku na atakuwa kama sultani. Miezi mitatu Kisauni ameshajua konda akisema "beba beba" maana yake nini.

Aanze kusini. Feri ya Likoni kwa miguu ni bure, apande matatu ya Ukunda, na Diani apite tu au alale usiku mmoja aone mbega wanavyovuka barabara kwenye ngazi za kamba. Kituo cha kwanza cha maana kwangu ni Gazi. Kuna akina mama wana daraja la mbao ndani ya mikoko, waenda nalo mpaka baharini, wanakupikia na samaki. Na pale pale ndo kuna Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wanaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza ile hewa ya kaboni inayofungwa na miti, pesa zikirudi zinaingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Msichana kama anasoma mambo ya mazingira atakaa pale siku nzima anauliza maswali. Halafu Shimoni, aingie lile pango la watumwa, avuke Wasini. Wasini hakuna magari. Akina mama wa kule nao wana njia yao ya mbao katikati ya bustani ya matumbawe makavu, na mbele yake ndo hifadhi ya Kisite, pomboo wapo na sa hizi kaskazi maji ni safi. Viingilio vya hifadhi za wanyamapori hulipwa kwa simu au kadi, pesa mkononi hawachukui, tena chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku humo tangu Juni 2020 kwa hivo abebe chupa yake.

Lakini aulize maji! Hili nalisema kwa uchungu. Zamani nilipokuwa nikitembeza wageni niliwahi kuwapeleka watu wanne hori la Mida, kule Watamu, nikajifanya najua, sikuangalia mwezi. Ilikuwa bamvua. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, sasa yalipotoka yalitoka kweli, mashua ikakaa juu ya tope na sisi juu yake saa nne nzima, jua la mchana, chungwa moja. Yule mama wa Kiswisi mpaka leo nikimkumbuka natoka jasho. Mwezi ukiwa mchanga au umejaa, ulizia saa za maji kabla hujalipia chochote kinachoelea.

Akitoka kusini arudi alale kwako, afue nguo, kisha kaskazini. Jumba la Mtwana pale Mtwapa ni asubuhi moja. Kilifi apumzike. Gedi asikose, mji wa mawe ndani ya msitu ambao watu waliuhama karne ya 17, una msikiti, una jumba la mfalme, una visima, na mwaka 2024 UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia. Mlangoni pale kuna mradi wa vipepeo, wakulima wa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga buu na kuuza nje, ulianza 1993, mimi nikaona ni ajabu mtu kusomesha mtoto kwa kipepeo lakini wapo. Watamu kuna kituo cha kasa, wavuvi wakinasa kasa kwenye nyavu wanapiga simu, anachukuliwa, anatibiwa kama ameumia, anarudishwa baharini, na mvuvi hupewa kitu kidogo cha kufidia usumbufu. Bahari ya Watamu na ya Malindi ni hifadhi tangu 1968. Malindi yenyewe, mvua za vuli zikiwa zimemwagika bara mto Sabaki hushusha tope na bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa, asije akadhani ni uchafu.

Lamu sasa. Lamu ni Lamu, sina la kuongeza, punda na vichochoro na milango ya kuchonga, urithi wa dunia tangu 2001. Ila serikali za Ulaya huwa zinatoa maonyo juu ya baadhi ya sehemu za kaunti ile, hasa za bara kuelekea mpakani, na kampuni za bima husoma hayo maonyo kuliko wanavyosoma Biblia. Asome bima yake kwanza, halafu aulize hali ya barabara wiki hiyo hiyo. Ikikubali, abaki na siku nne nzima kwa Lamu na akate vingine. Isipokubali, siku nne Wasini na Gazi hazijamtupa mtu.

Na dadangu, nenda naye. Siku moja tu, hata Gedi. Umelisha mtoto miezi mitatu, hebu naye akulipie kiingilio.

Mjomba vipi. Niko Likoni, miaka 24, nimemaliza diploma ya mambo ya jamii na kazi hakuna. Kuna ajenti amenitumia meseji ati kuna nafasi ya kuvolontia Ujerumani mwaka mzima, nyumba ya wazee, mji waitwa Rostock, nilipe elfu 80 za kushughulikia fomu. Nimeangalia ramani naona uko baharini. Swali, ni kweli hiyo kitu iko ama ni kanyaga? Na nikimaliza naweza zunguka hiyo pwani yao kabla nirudi? Mamangu naye asema mbona nikaoshe wazee wa watu bure na nyanyangu yuko hapa ndani. – Kijana wa Likoni

Kitu iko, ajenti ndo sijui.

Ujerumani wana utaratibu wa kujitolea uliowekwa kwa sheria. Mmoja unaitwa Bundesfreiwilligendienst, ulianza 2011 walipoacha kulazimisha vijana jeshi, mwingine Freiwilliges Soziales Jahr ni wa vijana wasiofika miaka 27. Kwa kawaida ni mwaka mmoja, nyumba za wazee, hospitali, shule za chekechea, walemavu. Mkenya anaweza kuingia. Unapata pesa kidogo za mfukoni, bima wanakulipia, mara nyingi wanakupa pa kulala na chakula au kitu badala yake, na kwa umri wako kuna siku 25 za semina ndani ya huo mwaka. Upo pia mpango wa weltwärts ambao tangu 2013 unapokea vijana kutoka nchi za kwetu kwenda kwao, pesa nyingi za huo zatoka kwa serikali yao.

Umeona mambo yanavyokwenda, pesa zinakuja upande wako. Sasa mbona wewe ndo utoe 80? Ada ya viza ya muda mrefu ni yuro 75 na unailipa ubalozini Nairobi wewe mwenyewe, sio kwa namba ya M-Pesa ya mtu. Mwambie ajenti akupe jina na anwani ya hiyo nyumba ya wazee, uwaandikie mwenyewe. Mkataba wa kujitolea huwa umetiwa saini na upande wao na una jina lako, kazi, saa, pesa, mahali pa kulala. Akikuambia "lipa kwanza ndo utaona mkataba", mblok uende ukavue samaki.

Pesa ambazo kweli utatoa ni za lugha. Wengi watataka angalau Kijerumani cha kuanzia na cheti chake, mtihani waweza kuufanya Goethe-Institut Nairobi. Lakini wewe ni wa Likoni bana, ukivuka kuelekea Diani mabichiboi wanaongea Kijerumani safi kuliko mwalimu, tafuta mmoja mzee ambaye msimu umempita kushoto, mpe chai na kaimati akufundishe kusikia, sarufi utaisoma darasani.

Mamako kauliza swali zuri na mimi sitamjibu kwa niaba yako. Ila ujue kazi yenyewe, ni kumwamsha mtu wa miaka 90, kumvisha soksi, kumlisha, kumsikiliza akirudia stori moja mara kumi kwa lugha usiyoielewa vizuri, Januari, jua linazama saa kumi jioni hivi. Kama nyanyako hujawahi kumkata kucha basi anza hapo hapo nyumbani, wiki mbili tu, utajua kama unaiweza.

Kuzunguka: usingoje mwisho. Kibali chako cha kukaa kinafungamana na hiyo kazi, kikiisha umeisha, na hutaki kuwa mtalii aliyepitwa na tarehe kwa watu wanaopenda tarehe kama wale. Ila likizo unayo, haipungui wiki 4 kwa mwaka, weka wiki mbili za Agosti. Kuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, ilianza na yuro 49 mwaka 2023 na tangu hapo imepanda, hiyo yakupandisha treni zote za mikoa na mabasi ya mjini, zile treni za mbio ndo hapana. Nayo unaweza kuifuata pwani nzima polepole.

Rostock yenyewe ina Warnemünde, ufuo mrefu mweupe, watu wamekaa ndani ya vikapu vikubwa kama matenga yenye paa kwa ajili ya upepo. Utakachoshangaa wewe mtoto wa feri ni kwamba ile bahari ya Baltiki haina maji kupwa na kujaa ya kuonekana. Umeweka ndala asubuhi, jioni waikuta pale pale. Na chumvi yake ni kidogo sana, ukionja utadhani mtu amesahau kutia. Endelea mashariki, Stralsund mji wa matofali mekundu, kisha kisiwa cha Rügen, kule kuna majabali meupe ya chokaa, refu lao mita 118. Watu huokota kaharabu ufuoni baada ya dhoruba, ile ile kaharabu ya tasbihi za mababu. Usiiokote ukaitia mfukoni! Kuna mabaki ya fosforasi ya mabomu ya vita kuu ya pili ambayo huonekana sawasawa na kaharabu na ikikauka inawaka moto yenyewe, watu wameungua mapaja. Wenyeji hutia ndani ya kopo la bati.

Ukiwa na siku zaidi nenda upande wa magharibi, Bahari ya Kaskazini. Huko sasa maji hutoka mpaka utashindwa kuyaona, watu wanatembea kwa miguu juu ya tope kwenda visiwani, na kiongozi wao, manake maji yakirudi hayabishi hodi. Sehemu kubwa ya pwani ile ni urithi wa dunia tangu 2009. Mkate wa samaki wa pale bandarini ni wa baridi na kitunguu kibichi, ubebe pilipili yako.

Shikamoo mjomba, nipo Tanga. Nataka kuja kujitolea mwezi mmoja kwenye kasa huko Watamu halafu nirudi kwa kufuata pwani taratibu. Nahitaji viza? Na ni kweli kuna mashua za kutoka Shimoni mpaka Pemba? – Msomaji, Ngamiani

Marahaba. Viza hapana, wewe ni wa Afrika Mashariki, hata kile kibali cha mtandaoni hakikuhusu. Njoo na pasi au hati ya muda ya kusafiria, ugongewe muhuri Horohoro na Lungalunga, na kadi ya homa ya manjano uwe nayo, wakati wa kurudi kwenu ndo huulizwa. Mambo ya kibali cha kujitolea waachie hao wa kasa wakuandikie kabla hujaja, wakisema "njoo tu tutaona" uwe na shaka nao.

Mashua zipo na zimekuwepo tangu babu zetu, ila Shimoni kuna ofisi ya Uhamiaji, pita hapo kwanza. Wapo watakaokuita usiku wakupitishe bei rahisi bila stempu, ukifika Pemba utaeleza uliingia kwa mlango gani? Mimi ningekuwa wewe ningeenda kwa barabara nishuke Vanga, mji wetu wa mwisho, watu wanapita Lungalunga mbio hawaujui kabisa. Pweza wa nazi upo, na wao pia wana mikoko wanayouza kaboni yake kama Gazi. Ukifika muulizie yeyote barazani maji yanajaa saa ngapi. Yakijaa bamvua huingia mpaka mjini, viatu mkononi.